Kifaa Kilichoachwa Nje ya Flashi

Gracien Mukendi alikuwa mtu wa kupima kwanza, kusema baadaye. Hata kahawa aliikoroga kama anayepima dawa. Pale Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, nyuma ya soko, alikuwa na duka la kupiga chapa, kutoa fotokopi na kupiga picha za kitambulisho, duka la namna ile ambayo watu wa Likasi wanaiita secrétariat. Zamani alikuwa fundi umeme kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu alirudi nyumbani na bisibisi zake pamoja na kompyuta moja mbovu ambayo hakuna aliyeitaka. Akaifungua, akaifufua, na tangu siku hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe Orpa.

Mwosha ndiye aijuaye aibu ya maiti, na mwenye secrétariat ndiye ajuaye mambo ya mtaa. Mwanafunzi alimletea kazi yake ya kumaliza masomo, mchungaji akaleta programu ya kampeni ya maombi, wachimbaji wa shaba wakaleta sheria za chama chao. Gracien alipiga chapa yote na hakumsimulia mtu. Watu walimheshimu kwa kinywa chake kilichofungwa. Kwenye misa ya kwanza, akipita kutafuta nafasi, walisogea.

Lakini ufundi wowote una kona yake isiyofagiliwa. Maduka ya Kikula yalikuwa na desturi. Mteja akishamaliza kazi, faili zake zote zilibanwa pamoja zikawa furushi moja, jinsi mtu anavyoshindilia makala, makaa ya kupikia, katika mfuko ili mengi yaingie, ndipo furushi likawekwa kwenye flashi yake. Njia za kubana ziko nyingi, kila moja na jina lake. Maduka yalipenda ile iitwayo rar, kwa sababu ilikuwa rahisi kuifunga kwa neno la siri. Mteja aliambiwa, "Ni juu ya virusi." Aliamini, kwa maana flashi za Likasi hupita mikono mingi na virusi havikomi. Asichoambiwa ni kwamba neno lenyewe lilibaki dukani. Akitaka kubadilisha herufi moja, ilimpasa arudi kwa mwenye duka yuleyule, akae kwenye benchi, alipie tena.

Gracien hakubuni mtindo huo. Aliukuta, akauchukua, kama muuza makala anavyojifunza kupanga vipande vikubwa mdomoni mwa mfuko. Hakuuita wizi. Hakuupa jina lolote, na jambo lisilo na jina halisumbui usingizi.

Siku za Jumamosi alikuwa na kazi nyingine, ya bure. Katika ukumbi wa parokia, ambao wenyewe waliuita sala, walikutana watu wachache waliotengeneza kompyuta kuukuu kwa ajili ya shule za mashambani. Kiongozi wao alikuwa Hénoc, kijana aliyesomea informatique, elimu ya kompyuta, huko Lubumbashi, mwenye maneno mepesi lakini asiye na dharau; Gracien akiingia, yeye ndiye aliyeinuka kumpa kiti. Kompyuta za shule hawakuzitia mfumo endeshi wa kuiba. Walichukua mfumo huru, usio na mwenye kudai malipo, wakapunguza yasiyofaa, wakaongeza kamusi ya Kifaransa na masomo ya hesabu, kisha yote wakayatia kwenye flashi moja. Flashi hiyo ndiyo iliyosafiri toka shule hadi shule. Huko hakukuwa na intaneti ya kuombea msaada. Kifaa, yaani programu, kisichokuwamo kwenye flashi, kwa mwalimu wa kule hakikuwepo duniani.

Kwa hiyo Hénoc aliweka sharti: hakiingii kifaa kisicho na mtu wa kukisemea, aeleze nani atakihitaji. Vifaa vya kubana na kufungua faili alipewa Gracien. Nani mwingine aliyeshinda na mafurushi kutwa nzima? Gracien alivijaribu kimoja kimoja kwenye mashine iliyochoka kuliko zote, akaja na majibu yake kichwani.

"Ba papa, tuambie," Hénoc alisema. "Zip?"

"Iingie. Kila muntu anaijua."

"Tar na gzip?"

"Mfumo wenyewe njo unaishi mule. Ukizitoa mule, nyumba inaanguka."

"Xz?"

"Ile inabana sana, mais kwa machine ya zamani inachelewa. Niliianzisha, nikaenda kukula, nikarudi, nikaikuta bado inasukuma."

Jaël, binti aliyekuwa akisomea kazi hiyohiyo na kukaa pembeni na waya zake, hakukosa nafasi. "Ba papa, kwa mama Orpa ugali wa bukari haiishake mbio. Labda machine haina kosa."

Walicheka, naye Gracien akacheka. Wakakubaliana kwamba xz iwekwe kwa kufungulia tu, na mwalimu akitaka kubana atumie zip. 7z wakaipokea bila mabishano. Ikabaki moja.

"Rar," Hénoc alisema, akajikuna shingo. "Nafasi hapana tatizo, kifaa cha kuifungua ni kidogo kama punje. Tatizo ni kwamba haiko huru yote. Mwenye nayo anakuachia ufungue, mais kutengeneza furushi ya vile, hapana. Minye siipendi. Mais hatutengeneze mfumo wa kutupendeza shiye. Kama bantu beko na fichiers, faili zao, za rar, tunaiweka, tunanyamaza. Ba papa, weye njo uko na secrétariat. Mu Kikula bantu bangali banatumia rar?"

Lilikuwa swali safi, lisilo na mtego. Jibu lake Gracien alilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya sala ile: Kikula nzima ilikuwa rar tupu. Lakini aliliona na swali litakalofuata, limesimama nyuma ya lile la kwanza kama mtu nyuma ya mlango. Kwa nini rar, na zip ni ya bure na inafunguka kila mahali? Tena Jaël alishawahi kulalamika kwamba kazi ya kaka yake ilidai neno ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelijua. Akisema ndiyo, itambidi aeleze. Ataeleza mbele ya binti huyu, chini ya msalaba uliopigiliwa ukutani, kwamba tunawafungia ili warudi.

"Hapana," alisema. "Ile ilikwisha. Ni ya bale banauzishaka ma films."

"Kumbe," Hénoc alisema, akafurahi. "Basi tumepona." Akaiondoa.

Hapo hapo Gracien alimkumbuka Marceline. Ni vema lisemwe hili, kwa sababu baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakumkumbuka. Marceline alikuwa sekretari wa shule moja ya upande wa Kapolowe. Shule yake ilipokaribia kupewa mfumo mpya, ambao ungefuta kila kitu kwenye kompyuta, alikuwa amemletea Gracien faili zote azihifadhi: majina ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, vyeti vyao, picha za kuwaandikisha mtihani wa serikali. Gracien alizibana kwa mkono wa mazoea. Rar, na neno la duka. Sasa, akiwa amekaa kwenye kiti alichopewa kwa heshima, aliwaza: akihitaji, atakuja. Wote huja.

Marceline hakuja.

Mvua zilianza, mitaro ya Kikula ikajaa, wateja wakawa wanaingia na matope. Gracien alisikia kwamba mfumo umekwishawekwa Kapolowe na kompyuta inafanya kazi vizuri. Akanyamaza. Mara mojamoja alimfikiria yule mama, akajipa moyo kwamba labda ana nakala nyingine mahali fulani. Mtu anayepima kila kitu hakupima jambo hilo.

Marceline alipotokea hatimaye, ilikuwa kwa sababu ya kitu kingine kabisa. Alikuwa amekuja sokoni kununua mbegu, mvua ikamkuta, akajibanza mlangoni mwa duka na kitambaa kichwani kimelowa.

"Ingia, mama, ingia. Habari ya kule?"

"Kule tuko, ba papa. Tunasukuma tu."

Alikaa kwenye benchi. Gracien alimuuliza kazi, kwa adabu, na Marceline akatazama mikono yake.

"Kazi ya bureau, ile ya ofisi, balininyanganya. Niko nafundisha tu première année, darasa la kwanza, kuimbisha batoto."

"Juu ya nini?"

"Niliharibisha fichiers. Ile flashi ulinipatia, niliiingiza mu machine mupya, ikakataa. Nilijaribu, nilijaribu. Directeur wa shule akaniambia, mama, uligusa mahali haugusake. Bazazi balirudisha batoto, ba kule mbali, mu wakati ya kulima, bapigwe picha tena. Nikaandika majina yote tena. Bamoja banasema niliuzisha zile picha za kwanza." Alifuta maji usoni. "Nilipaswa nikuye kwako. Mais niliona haya. Munatupatia machine ya bure, minye kazi yangu ni kuiharibisha tu."

Gracien alinyoosha mkono. "Flashi uko nayo?"

Alikuwa nayo, imefungwa ncha ya kitenge, kwa sababu hata kitu kilichokufa mtu hukitunza kikiwa kimemgharimu. Gracien aliichomeka kwenye kompyuta yake. Dirisha dogo likauliza neno. Aliliandika bila kufikiri, vidole vyenyewe vikaenda, na nyuso za wanafunzi zikajaa kwenye kioo, wote wamekaza shingo, kola zimefungwa hadi juu.

Marceline alisimama. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Biko," alisema polepole. "Byote biko. Huyu ni wa mwalimu wa kwaya. Na huyu." Kisha akageuka. "Donc sikuharibisha?"

"Haukuharibisha, mama."

"Sasa juu ya nini kule ilikataa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Gracien angeweza kupita. Badala yake alijisikia akisema, kwa sauti ya fundi anayeeleza mambo ya ufundi, "Kule kifaa cha kufungua aina hii hakimo. Ba Hénoc njo balipanga flashi ya mfumo. Hawakukiweka."

Hakikuwa kitu cha uongo. Neno kwa neno kilikuwa kweli, na ndiyo maana kilimchafua mdomo kuliko uongo.

"Batoto ba université," Marceline alisema bila hasira. "Samedi nitapita ku paroisse nimuulize. Anipatie maneno ya kumwambia directeur."

Mvua ilipokatika akaondoka. Gracien alimtengenezea nakala wazi, akakataa malipo, na shukrani alizopewa kwa ajili ya kukataa malipo zilikuwa jambo gumu kupita yote ya siku hiyo.

Nyumbani Orpa alimwekea chakula, akamtazama akilifinyanga tonge lilelile.

"Uko na homa?"

"Hapana."

"Basi uko na maneno. Homa ingekuwa vizuri, kuko dawa."

Hakumwambia. Jumamosi alifikiria kutokwenda. Alivaa viatu, akavua, akavaa tena, na alipofika sala ya parokia alimkuta Marceline ameshakaa, mkoba magotini, amevaa kitenge cha kwendea kwenye mambo mazito. Hénoc alikuwa amesimama mbele yake.

"Siko nakugombeza, mwanangu," Marceline alikuwa akisema. "Nataka tu kujua. Ba papa Gracien alinifungulia kwake, nikaona fichiers zote ni zima. Akaniambia ku flashi yenu kifaa hakimo. Ni nani alikikata, na juu ya nini? Bazazi banasema minye ni mwizi."

Jaël aliacha waya zake. Hénoc hakumtazama Gracien. Alikuwa amemwona akiingia, kwa sababu aligusa mgongo wa kiti akakisogeza upande wa Gracien, kama kawaida, lakini macho yake yalibaki kwa yule mama.

"Ni minye nilikikata, mama," alisema. "Kosa ni yangu. Nilipaswa nipite mu maduka nijionee. Kama unapenda, Lundi tunaenda pamoja kwa directeur, namwambia mbele yako."

Gracien alishika kile kiti, asikikalie. Alielewa kwamba kijana anakumbuka kila neno la Jumamosi ile. Anakumbuka nani aliyeulizwa na nani aliyejibu. Ila mtoto aliyelelewa hamvui baba nguo mbele ya watu, na Hénoc alikuwa amelelewa. Alikuwa tayari kulibeba mpaka Kapolowe, asimame mbele ya wazazi wa watu, atukanwe, arudi, na Jumamosi inayofuata ainuke tena kumpa kiti. Gracien aliona jinsi ingekuwa rahisi. Hakuna aliyemwomba lolote. Angekaa tu.

"Hénoc, ikala," alisema, akakisukuma kile kiti kwake.

"Ba papa, haina shida."

"Ikala, nilisema." Akamgeukia yule mama. "Mama Marceline, huyu aliniuliza. Aliniuliza muzuri, mbele ya huyu binti. Alisema, kama bantu beko nayo, tunaiweka. Minye njo nilisema hapana. Nilijua beko nayo. Yako niliifunga na mikono yangu."

"Juu ya nini sasa ulisema hapana?" Marceline aliuliza. Hakuwa ameelewa bado.

Basi ikambidi aseme na lile jingine, lote, mpaka chini: neno la siri linalobaki dukani, benchi, wateja wanaorudi. Alilisema akitazama saruji ya sakafuni. Alipomaliza, Jaël ndiye aliyezungumza kwanza.

"Donc ile mémoire ya kaka yangu, kazi yake ya masomo. Ile alienda mara na mara."

"Ndiyo, mwanangu."

"Alikuwa anakusifu. Anasema ba papa Gracien iko na uvumilivu."

Marceline alikuwa akifungua na kufunga kishikizo cha mkoba wake.

"Siku ile nilikuona ukiandika neno," alisema. "Nikasema mu roho, weye unajua neno ya fichiers yangu, minye sijue? Kisha nikasema, labda ni mambo ya bafundi." Alikifunga kishikizo. "Ba papa, minye hapa sina maneno na weye. Maneno iko kule. Jina yangu balilichafua kule, na yako balisikie kule."

"Nitaenda."

"Si huyu kijana. Weye."

"Minye."

Jumatatu walikwenda pamoja, hawakuongea sana njiani. Kamati ya wazazi ilikuwa imeitwa baada ya kupandisha bendera, na wengine walikuja na majembe kwa sababu walikuwa wakipita kwenda shambani. Directeur, mtu mrefu aliyependa mambo yaishe haraka, alimkaribisha Gracien kama mgeni wa parokia na kuwaomba wamsikilize fundi.

Gracien alianza na mfumo endeshi. Aliona nyuso zinamtazama kwa subira ya kanisani. Akaanza upya, na mambo ya kubana faili na vifaa vya kufungulia. Baba mmoja akauliza kama hiyo rar ni ugonjwa. Akaanza tena, na kila alipoanza ilibidi aache neno moja la kitaalamu, na kila neno lililoachwa lilikuwa kama nguo inayovuliwa, mpaka jambo likabaki lilivyo. Mama mmoja aliyekuwa ameegemea jembe lake mlangoni aliinua mkono.

"Ngoja nione kama nasikia. Ulifunga bintu bya batoto betu. Ufunguo ukabakia mu mufuko yako. Kisha bale banatengeneza nyumba bakakuuliza, tuweke mlango? Ukasema hapana, hakuna muntu atapita."

"Njo vile, mama."

"Na huyu tukamwita mwizi."

"Njo vile."

Hakuna aliyemtukana. Angependa wamtukane. Mama yule alitikisa kichwa, akamgeukia Marceline, akamwambia jambo kwa Kisanga, lugha ya kule, ambalo Gracien hakulielewa na hakuthubutu kuuliza, na Marceline akaangua kicheko kifupi, cha kwanza tangu siku ya mvua. Directeur alikohoa. Alisema kwamba naye alikuwa ameharakisha kusema, na kwamba mama Marceline arudi kwenye bureau yake siku hiyohiyo, sio kesho. Wazazi wakaondoka na majembe yao. Baba wa swali la ugonjwa alimpa Gracien mkono akipita, kwa sababu mgeni hupewa mkono.

Kilichobaki kilikuwa kazi ndogo. Gracien alichomeka flashi aliyopewa na Hénoc, akaweka kile kifaa kidogo kama punje, akamfundisha Marceline kukitumia, akamwonyesha faili zake, zilizobanwa upya bila kufuli, zikifunguka pale pale bila neno la mtu. Marceline aliandika kila hatua, hakusema asante, na Gracien akashukuru kwamba hakusema.

Mchana Marceline alimwandalia bukari na samaki, kama inavyompasa mgeni aliyetoka Likasi. Gracien alinawa. Kukataa kungekuwa kosa jingine juu ya lile, basi alikula. Marceline alikula pia, polepole, akichambua miiba.

"Na bengine?" aliuliza. "Mu Kikula. Bale uliwafungia?"

"Ni bengi."

"Unabajua nyumba zao?"

"Bamoja. Bengine itabidi niulize."

Marceline alimsogezea bakuli la mboga. "Basi kula ushibe," alisema. "Ku nyumba zao hawatakupikia."